Nani Amesimama Wapi

Sauti ninayoikumbuka vizuri kuliko zote si ya wimbo. Ni ya watu wakivuta pumzi. Nilikuwa nimepeleka chai kwenye gereji moja ya Buruburu, kazi yangu ya siku hizo, nikakuta spika mbili za mbao mbele ya ukuta mtupu. Kwaya ilikuwa karibu kuanza. Wote wakavuta pumzi kwa pamoja, haa, na mimi na birika langu tukasogea pembeni kuwapisha. Hakukuwa na mtu.

Mwenye gereji alicheka mpaka akashika kiuno.

"Umewasalimia?"

"Nilikuwa karibu kuwasalimia, Mzee."

"Basi kesho njoo na aproni. Chai ataleta mwingine."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye kazi ya spika, mimi niliyeachia shule kidato cha pili.

Historia ya mahali pale nilihadithiwa vipande vipande, msasa ukiwa mkononi. Mzee alitoka Ukambani akiwa kijana, akawa anachonga twiga wa kuuzia watalii kwenye kibanda karibu na soko la Kariokor. Siku moja karani mmoja akamletea redio iliyopasuka sanduku. Mzee akamtengenezea lingine kwa mabaki ya mbao za twiga, na ile redio, kama anavyosema mwenyewe, ikaanza kuongea kama mtu aliyepona mafua. Karani akarudi na wenzake wa ofisini. Ndipo Mzee akafanya kosa la mchongaji: spika yake ya kwanza kabisa aliichonga twiga watatu usoni. Twiga walikuwa wazuri, ila shingo zao zilitetemeka, na kila noti nzito ilitoka ikivuma kama nyuki kwenye mkebe. Akachukua randa akawafuta wote, yeye mwenyewe. Tangu siku hiyo hajachonga hata ua. Mikono inayoweza kutoa simba kwenye gogo hukaa siku nzima ikilainisha ubao mtupu. Mimi hilo huniacha mdomo wazi mpaka leo.

Siku hizi spika zake hutoka pale mbili mbili, za mti wa mukau kutoka kwao, na husafirishwa mpaka ng'ambo kwa watu ambao wangeweza kununua za popote. Lakini hazitoki bila kikao. Leso pana hutundikwa mbele ya spika kuzificha, anaitwa mtu wa kwaya ya kanisa moja la Njiru, anakalishwa kitini, anapigiwa wimbo wa kwaya yao wenyewe. Mzee haulizi kama ni tamu. "Hata soda ni tamu," husema. Anataka kujua nani amesimama wapi. Msikilizaji anyooshe kidole: wanaume wa besi kule, yule dada wa kuanzisha pale. Akishindwa, spika zimeanguka. Na Mzee mwenyewe hungoja nje uani, maana anasema sikio la mwenye duka husikia linachotaka.

Fundi ambaye jozi yake ya kwanza imepita kikao huchoma alama yake chini ya sanduku kwa chuma cha moto, na kuanzia hapo anaunda peke yake. Ikianguka, au ukiifungua tena baada ya kikao, unarudi kwenye msasa mwaka mzima. Mimi msasa nilikuwa nimeushika mpaka alama za vidole zimenitoka.

Jozi yangu ya kwanza ilikuwa ya wazee wawili, mume na mke, huko kwenye baridi. Nilikuwa nimeshawaona kichwani, blanketi magotini, kwaya ya Njiru imewajaa sebuleni.

Wimbo wa kikao ulikuwa mpya. Mzee alinituma peke yangu kanisani na kinasa sauti. Siku hiyo mvua ilinyesha, paa likavuja upande wa kushoto, na wanaume wa besi wakahamia kulia, karibu na dirisha. Sikuona kama ni jambo la kumwambia mtu.

Aliyeitwa kusikiliza ni mama anayeuza mboga nje ya geti letu. Ni mwanakwaya, ila siku niliyorekodi alikuwa Bungoma, mazishini. Huyo mama hunipenda kama binti yake.

Fundi mmoja wa pale, anayeunganisha mbao kwa gundi, akapaza sauti kutoka uani alikongoja na Mzee: "Injinia! Ikianguka usililie mbao zangu, zitavimba!"

"Wewe nyamaza, tafuta mandazi!" mama akamjibu. Kisha kwangu, polepole: "Washa, mwanangu."

Nikawasha. Sauti zilitoka, lakini hazikusimama popote. Zilielea tu kama moshi wa jikoni, na besi ilikuwa nyembamba. Nilijua palepale. Sanduku moja nilikuwa nimefunga waya kinyume, mwekundu mahali pa mweusi, kwa hiyo spika moja ilisukuma hewa huku ya pili ikiivuta. Labda ni masikio yangu, nikajiambia, nikamtazama mama.

Alifumba macho. Akageuza kichwa huku, akageuza kule. Halafu akanyoosha kidole kushoto.

"Wanaume hawa hapa. Wanaume wetu hukaa hapa."

Kushoto, pale paa lilipovuja.

"Una hakika, Mama?"

"Nina hakika na wewe," akasema, akainuka na kunishika shavu. "Mzee! Zimepita!"

Mzee aliingia akipiga makofi, akaweka chuma kwenye jiko la makaa. "Chora alama yako kwenye karatasi kwanza," akaniambia, "usije ukachoma mdudu." Kisha wakatoka wote watatu kwenda kununua soda, wakicheka mpaka barabarani.

Nilibaki na chuma kikianza kuwa chekundu. Mama hakunidanganya kwa ubaya. Alinipa alichokuwa nacho. Wala hakuna ambaye angejua. Ila wale wazee wawili wangeketi mbele ya kwaya isiyosimama popote, wakadhani hivyo ndivyo watu wa Njiru huimba.

Nikakitoa chuma kwenye makaa, nikakiweka sakafuni kipoe. Nikalilaza sanduku chali juu ya gunia, nikachukua bisibisi, nikaanza na skrubu ya juu.