Kitabu Chini ya Mguu wa Meza

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Kisangani, na nina ugonjwa mmoja: sisomi mbele ya mteja. Akikuona unasoma, anadhani hujui kazi.

Papa Saidi, mtafiti wa mihogo wa Yangambi, aliniletea diski mpya yenye kasi, zawadi ya mwanawe. Diski yake ya zamani ilikuwa inakufa, na kumbukumbu zote za mashamba yake zilikuwa humo. Alihitaji carte mère, ule ubao mkuu wa kompyuta, unaofaa diski mpya. Nilimchagulia kwa picha ya simu. Nilipoona tundu la diski, nikamwambia, "Papa, iko sawa. Ngoja ubao ufike, tutahamisha vyote kwa siku moja."

Ubao ulichukua wiki tano majini kutoka Kinshasa. Meza yangu ilikuwa inayumba, nikakunja kitabu cha maelezo kilichokuja na ubao, nikakiweka chini ya mguu.

Papa Saidi akaja. Diski iliingia tunduni vizuri kabisa. Nikawasha, mashine haikuiona. Nikalaumu umeme, kisha diski, kisha hata mwanawe, eti amenunua feki.

Papa Saidi aliutazama mguu wa meza. Alivaa miwani, akainama, akakivuta kile kitabu. Meza ikalala upande. Akasoma polepole, kidole kikifuata mstari.

"Mutoto yangu, hii tundu inakubali disque ya mwendo ya pole tu. Iko kwa ukurasa ya kwanza. Na ile yangu ya zamani ilikufa juzi. Alors, sasa hii kitabu, uliisoma?"

Wateja wote kwenye benchi wakageuka kunisikiliza.