Safu ya Sababu

Fundi friji aliingia ofisini asubuhi, akaweka mkoba wake wa vifaa juu ya meza na kuanza kuufungua zipu. Karani akamzuia.

"Kaka, hapa hatupekui mtu."

"Najua. Mkono umezoea," fundi akasema.

Alikuwa amesimamishwa na polisi mara sita mwezi huo, kwenye njia ileile ya kwenda kazini. Kila mara mkoba ulimwagwa chini, bisibisi na spana zikatapakaa barabarani, na wapita njia wakamkodolea macho kama mwizi. Safari ya sita mteja wake alikuwepo, na kesho yake akatafuta fundi mwingine.

"Sitaki fidia," alisema. "Nataka mtu aniambie nimefanya nini."

Karani alikuwa na miaka tisa kwenye ofisi ile ya kusimamia polisi, ghorofa ya pili, juu ya duka la dawa. Askari akimpekua mtu barabarani lazima ajaze fomu: saa, mahali, sababu, kilichopatikana. Fomu zote zilipitia mikononi mwake. Alikuwa mtu asiyetulia. Hata akiketi mguu ulicheza chini ya meza, ndiyo maana wenzake walimwita Cherehani.

Fomu sita za fundi alizipata upesi. Kwenye safu ya sababu, zote ziliandikwa: "Alionekana kuwa na wasiwasi." Chini yake kulikuwa na namba ya askari, na namba ile Cherehani aliijua kwa kichwa. Ilikuwa ya Kitinda, mdogo wake wa mwisho, aliyemlea tangu mama yao alipofariki.

Akatafuta zaidi. Miezi mitatu, fomu mia mbili na kumi, sentensi ileile. Katika mia mbili na nne hakikupatikana kitu.

Mchana hakula. Alizunguka jengo mara tatu, akapanda ngazi, akashuka tena. Sheria ya ofisi ilikuwa wazi: ukikuta faili la ndugu yako, unasema na unalikabidhi. Akajiambia atasema kesho. Jioni miguu ilimpeleka kwa Kitinda, akamkuta akipiga pasi sare zake.

"Dada, mbona hukupiga simu?"

"Fundi friji, mwenye mkoba wa bluu. Unamkumbuka?"

"Nakutana na watu wengi."

"Mara sita, Kitinda. Alikuwa na wasiwasi gani?"

Kitinda aliisimamisha pasi. "Sajenti anataka fomu tatu kila zamu. Usipofikisha, unasimamishwa mbele ya wenzako unaulizwa ulilala wapi. Yule fundi hana maneno. Mkoba anafungua mwenyewe."

"Kwa hiyo unamchagua kwa upole wake."

Kitinda aligeuza shati upande wa pili.

"Hayo ya fomu tatu yaandike, utie saini."

"Nifukuzwe? Wewe ndiye uliyenifunga kamba za viatu siku ya kwanza ya kazi. Leo unanichimba?"

"Kesho nakabidhi faili, na nitasema wewe ni mdogo wangu. Nimetaka uyasikie kwangu kwanza."

"Basi nenda," Kitinda akasema, akarudi kwenye pasi yake.

Asubuhi alimkabidhi mkuu wake faili. Mkuu akamuuliza kama ana hakika. "Sina," akajibu. "Lichukue kabla sijageuka."

Wiki tano zilizofuata hakuambiwa lolote, na ndivyo ilivyotakiwa. Nyumbani alihamisha kabati, akalirudisha, akasugua masufuria yaliyokwisha takata. Simu zake Kitinda hakupokea. Kituoni, askari wanne walimwambia mpelelezi kwamba hawajui habari za idadi yoyote. Wa tano alikuwa Kitinda. Alileta daftari la zamu ambamo sajenti alitia saini hesabu ya kila siku.

Sajenti aliondolewa kazini. Kitinda alipewa onyo na kuwekwa dawati la mapokezi kwa mwaka mmoja. Tangu hapo kila aliyepekuliwa alipewa nakala ya fomu yake.

Fundi naye alipata barua ya kuombwa radhi. Akaja nayo mkononi.

"Hapa hawajasema nilifanya nini."

"Hukufanya kitu."

"Basi waandike hivyo."

Cherehani akairudisha barua. Ilichukua wiki mbili na simu saba, lakini ikarudi na sentensi hiyo.

Kitinda alikuja kwa dada yake Jumapili moja, bila kuitwa. Aliketi karibu na mlango, akazungumza na shemeji yake habari za mpira hadi zikaisha. Shemeji alipotoka, akauliza kama yule fundi bado anapita njia ile.

"Sijui," Cherehani akasema.

"Mwaka ukiisha nitarudi barabarani. Nikikutana naye, nimsalimie au nimwache apite zake?"

Cherehani akamsogezea kikombe cha chai, na Kitinda akakipokea.