Tatu Iliyofanana na Nane

Mimi ndiye niliyechagua herufi zile, na sina wa kumsukumia lawama. Nilikuwa nimeajiriwa kuhudumia tovuti ya halmashauri moja, sitaitaja, na siku nilipoitengeneza upya nilijiona mjanja kuliko wote waliowahi kukaa kwenye kiti kile. Niliondoa maandishi meusi manene niliyoyaona ya kishamba, nikaweka membamba ya kijivu, yenye kujipinda kwa madaha. Mwenzangu wa ofisini, mama wa makamo, alisogeza uso kwenye kioo cha kompyuta, akaniambia zipo herufi zilizobuniwa ili kila mtu azisome, hata mwenye macho machovu na simu ndogo, na kwamba hizi zangu si miongoni mwa hizo. Nilimjibu akanunue miwani. Tulicheka, yeye kidogo.

Baba yangu ndiye aliyekuwa msomaji wa matangazo kijijini kwetu Bombo, huko milimani. Ni mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa. Kila Jumapili baada ya ibada, kabla watu hawajatawanyika, alisimama nje ya kanisa na simu yake, akawasomea yaliyotoka serikalini: mbolea, chanjo, barabara. Wengi walikuwa na simu zao mifukoni. Walimsubiri yeye kwa sababu alichokisoma hakikuwahi kuwa na kasoro.

Mwaka huo barabara ya huko tambarare ilikuwa inapanuliwa, na makaburi ya kando yake yalipaswa kuhamishwa. La bibi, mama yake baba, lilikuwa mojawapo. Alizikwa huko enzi familia ikilima mpunga bondeni. Tangazo lilisema ndugu wafike tarehe tatu, kila ukoo usimamie kaburi lake. Nililipandisha tovutini kwa mkono wangu, kisha nikaenda Dodoma kwenye mafunzo. Kutoka huko nilimpigia baba kumuuliza kama ameliona. Alisema ameliona na ukoo wote ameshautangazia. Hatukutajiana tarehe.

Waliteremka tarehe nane, baba, shangazi yangu na ndugu wengine, na sanda mpya ambayo shangazi aliishona mwenyewe. Walikuta katapila limeshasawazisha kila kitu. Kibarua mmoja aliwapeleka penye makaburi mapya, akawaonyesha vilima sita vya udongo ambavyo wenyewe hawakutokea, kila kimoja na kibao chenye namba. Bibi alikuwa kwenye kimojawapo. Kipi, hakuna aliyeandika. Shangazi alirudi mlimani na sanda yake, na njia nzima hakumsemesha kaka yake.

Nilifika nyumbani Jumamosi. Baba aliitikia shikamoo yangu bila kuinua kichwa, akanipa simu nimsomee tangazo. Nilisoma pale uani, juani. Ile tatu ilikuwa imejikunja ncha zake hadi zikakaribia kugusana. Hata mimi niliyejua ni tatu, niliona nane. Nikamwambia, "Ni tatu, baba," nikaishia hapo.

Kesho yake aliomba kusimama mbele ya usharika. Mimi nilikaa benchi la pili, nikatazama viatu vyangu.

"Macho yangu yamezeeka," alisema. "Nimempoteza mama yetu. Msinipe tena cha kusoma."

Niliona aibu, lakini niliogopa zaidi, na hofu ndiyo iliyonifunga mdomo. Nilijikausha kama mgeni.

Jumatatu nikipita mjini Same nilimnunulia baba miwani, nikampa dereva wa basi ampelekee. Nilipofika ofisini nikabadilisha herufi zote. Mwenzangu aliona, akaendelea na kazi yake.

Miezi miwili baadaye nilimkuta baba barazani, simu mkononi. Matangazo siku hizo alikuwa akiyasoma kijana wa kwaya. Shangazi alikuwa bado hajakanyaga nyumbani kwetu. Lile tangazo la makaburi lilikuwa bado lipo tovutini, na baba alikuwa amelifungua. Alivua miwani, akatazama, akaivaa, akaivua tena.

"Hii tatu naiona bila miwani," alisema. "Herufi umezibadilisha lini?"

Nikamwambia, baada ya makaburi.

"Na ulijua lini?"

Nilimwambia Jumamosi ile, uani. Nilitamani anifokee, kama alivyonifokea nilipokuwa mwanafunzi wake. Aliikunja miwani, akaiweka kwenye kiganja changu.

"Jumapili utasimama wewe," alisema. "Uwaeleze, shangazi yako akisikia."

Niliitikia. Ijumaa nikampigia simu kwamba kuna kazi imeingia, nitakuja Jumapili inayofuata. Alisema sawa. Tangu siku hiyo zimepita Jumapili nyingi, na hajaniuliza tena. Miwani iko kwenye droo ya meza yangu ya kazi, na tovuti sasa inasomeka vizuri sana.