Pengo Tuliloliacha kwenye Ukuta wa Quriyat

Ipo siku moja ya mwezi wa Machi, mwaka 1998, ambayo haijanitoka machoni, mwanangu. Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa jiko, mikono yangu ina unga, na baina yangu na bahari walikuwapo wanaume wanne wakikata miti. Kila mti ulipoanguka, bahari ilionekana zaidi. Walipomaliza, niliiona yote, na nikatamani nisingeiona.

Nakuandikia haya, Munira, kwa sababu ya picha ulizonionesha kwenye simu yako Ijumaa iliyopita, ulipokuja kutoka Al Amerat. Ulinionesha watu wa visiwa vya bahari ya Pasifiki, wanawake wamezama kwenye tope hadi magotini wakipanda mikoko, na kijiji kilichojenga ukuta mbele ya bahari kisha maji yakatuama nyuma yake. Ukasema, "Bibi, tazama, kama kwetu." Mimi nikakurudishia simu, ukadhani sijafahamu. Nilifahamu sana. Halafu mkanifunulia, wewe na kaka zako, mchoro wa ukuta mpya mnaotaka kuujenga mbele ya nyumba hii, mzima, hauna pengo. Tangu siku hiyo moyo wangu haujatulia.

Basi nisikilize, wewe na wenzako wowote mtakaoyasoma haya. Nitakwenda polepole, na nitataja tarehe. Mimi niliingia darasani mara ya kwanza mwezi wa Septemba 1995, nikiwa mama wa watoto watatu, na tangu nilipojua kuandika tarehe sikukubali tena jambo kubwa lipite bila ya yake. Wengine hunicheka kwa hilo. Waache wacheke.

Babu yako Hamed alizaliwa Unguja, akaletwa Oman akiwa kijana. Alifanya kazi serikalini, Maskat mjini, na kila Jumatano alasiri akirudi kwetu Quriyat kwa mapumziko ya wiki, ambayo zama zile yalikuwa Alhamisi na Ijumaa. Nyumba hii aliijenga mwenyewe, kwenye ardhi ya mamake. Mbele yetu palikuwa na hori, maji ya chumvi yanayoingia na kutoka, na kandokando yake miti iliyosongamana ambayo Waarabu huiita qurm. Sisi tuliotoka Unguja tuliitambua mara moja: michu. Tuliitambua, na kwa kuitambua huko tukaidharau. Kwetu Unguja mti wa pwani wenye heshima ni mkoko, kwa sababu hutoa boriti iliyonyooka. Mchu umepinda, hauezeki nyumba. Hamed hakupata kuuangalia kwa jicho jingine.

Majira ya baridi yaliyotangulia mawimbi yalikuwa yameingia uani. Gunia la mchele lililowa, na mitende miwili michanga ikafa kwa chumvi. Hamed akaapa kwamba hayatarudi. Akaajiri mafundi, akaamua kuufyeka mchu wote uliokuwa mbele yetu na kusimamisha ukuta wa zege kutoka pembe hadi pembe.

Mamake, Bi Zuwena, alitoka nje siku ile ya Machi akiburuta bakora yake. Yeye alizaliwa hapa hapa Quriyat, akaolewa Unguja akiwa msichana, akarudi akiwa mtu mzima. Alizijua pwani zote mbili, na ulimi wake ulikuwa mkali katika lugha zote mbili.

"Hamed, unafanya nini?"

"Nasafisha, mama. Michu hii. Ingekuwa mikoko ya Chwaka, kule Unguja, ningekuona una haki. Hii haitoi hata boriti ya banda la kuku."

"Na nani kakwambia imeota kwa ajili ya paa lako?"

"Nataka kuizuia bahari, mama."

"Haya, bahari utaizuia. Na maji ya wadi yatatokea wapi? Utayapakia kwenye pikapu?"

Mafundi walicheka. Hamed hakucheka.

Wadi yetu, ile njia ya maji inayoshuka kutoka milimani, hupita nyuma ya nyumba. Unaijua kavu, na sisi tuliijua kavu. Watoto walicheza mpira humo, na watu wakiegesha magari kwenye changarawe yake. Bi Zuwena pekee ndiye aliyewahi kuiona imejaa. Alipokuwa mtoto iliteremka na zizi zima likielea, mbuzi wamo ndani wakilia, na watu wakikimbia ukingoni wasiweze kuwafikia. Kisa hicho tulikisikia mara nyingi, naye alikisimulia vizuri mno, hata kikawa kwetu kama hadithi ya kuwatuliza watoto.

"Hiyo zamani, mama," Hamed alisema. "Siku hizi wadi yenyewe imesahau njia."

"Niachie mlango wa maji tu. Mmoja."

"Ukuta wenye mlango wa maji ni pambo, mama. Nitachekwa."

Bi Zuwena akageuka akaja kwangu jikoni. Alifunga mlango, akakaa juu ya kibao cha mbuzi, akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nnasema hasikii, maana ni mamake. Muombe wewe. Wala usimtajie wadi, atapanda juu. Muombe tundu ya kumwagia maji ya samaki."

Jioni hiyo nilimpelekea Hamed kahawa na tende, nikamwambia, "Baba Salim, ukuta wako mzuri. Lakini maji ya kuoshea samaki nitayamwaga wapi? Ua utanuka, na wewe wageni wako hawakatiki."

Akafikiri kidogo. "Hapo umesema."

Ndipo fundi akaacha tundu chini ya ukuta, pana kiasi cha sufuria ya pilau. Bi Zuwena alipoiona alinong'ona, "Ndogo." Kisha akanipiga begani. "Lakini ipo."

Ukuta ukasimama, mwanangu. Watu walikuja kuutazama, na majirani wawili wakajenga wao pia. Mimi sikustarehe. Kwanza kaa waliadimika, halafu vidagaa waliokuwa wakijificha katika mizizi ya mchu, halafu wavuvi wetu wa nyavu ndogo wakawa wanakwenda mbali kutafuta walichokuwa wakikipata mbele ya milango yao. Kila wingu liliposimama juu ya milima, nilichukua kijiti nikaenda kuchokoa majani na mifuko ya plastiki kwenye tundu yangu. Hamed akanipa jina: Bibi Mlinzi. "Bibi Mlinzi, tundu hawajaiiba?" Nilicheka naye, na kijiti sikukiacha.

Kimbunga kilikuja mwezi wa Juni, mwaka 2007. Siku ya Jumanne, tarehe 5, bahari ilianza kupanda, na Hamed akawahi kurudi kutoka Maskat. Gari lilipita likitangaza kwa kipaza sauti kwamba watu wa pwani wahamie skuli iliyo juu. Majirani walikwenda. Bi Zuwena wakati huo miguu ilikuwa imeshamwisha, na kumbeba katika upepo ule kulimtia Hamed wasiwasi. Akasema ukuta unatosha. Tukabaki sisi watatu, maana watoto walikuwa wameshatoka nyumbani. Usiku bahari iliupiga ukuta, na ukuta haukutikisika. Kulipokucha Hamed aliugonga kwa kiganja kama mtu anayempongeza farasi wake.

"Umemuona mwanamume?" akaniuliza.

Mimi nilikuwa nikisikiliza upande mwingine. Nyuma ya nyumba palikuwa na mngurumo usiokuwa wa mawimbi wala wa upepo. Hamed aliusikia baada yangu. Ilikuwa wadi inateremka.

Maji yaliingia kwa lango la nyuma, yakiwa mekundu kwa udongo. Yalileta magogo ya mitende, mtungi wa gesi, jokofu la mtu. Yalikwenda moja kwa moja kwenye ukuta, yakafika, yakakosa pa kupita, yakageuka. Ua ukaanza kujaa. Bahari kule nje ilikuwa imeshapungua, na sisi tulikuwa tunazama ndani ya ulinzi wetu wenyewe. Lango lilizibwa na magogo. Nilimnyanyua Bi Zuwena kutoka kitandani, Hamed akanisaidia, tukamkalisha juu ya meza ya jikoni, na maji yakaja yakaikamata miguu ya meza. Nilimuona akipiga shahada kimyakimya. Mimi nilishindwa hata kuomba dua.

Hapo nikaona, karibu na ukuta, takataka zikizunguka mahali pamoja kisha zinamezwa.

"Hamed! Tundu! Tundu inavuta!"

Alichukua mtaimbo, akaingia maji ya kifua, akaupeleka chini kwa kuotea. Pigo la kwanza halikufanya kitu. Alikuwa amejenga vizuri, maskini, chuma alikitia yeye mwenyewe. Lakini pale kwenye tundu zege lilikuwa jembamba, na pale ndipo lilipopasuka. Jiwe likatoka, kisha jingine, kisha maji yenyewe yakaisaidia kazi, na kipande cha ukuta upana wa gari kikaanguka nje kwa kishindo. Nilimshika Hamed kwa shati asichukuliwe. Ua wote ukakimbilia baharini, na jokofu la watu likatoka nao.

Tuliporudi jikoni, viganja vya Hamed vikitoka damu, Bi Zuwena alikuwa bado juu ya meza, ameishika bakora yake kama nahodha.

"Haya, mlango wangu huo," alisema. "Miaka tisa nimeuomba."

Hamed akakiweka kichwa chake magotini pa mamake. "Nisamehe, mama."

"Nimeshakusamehe. Usiuzibe. Na sasa niletee kanga kavu, nnaona baridi."

Hakuuziba. Bi Zuwena alifariki mwezi wa Februari 2008, na baada ya arubaini yake Hamed alianza kuokota mbegu za mchu kwenye mabaki ya hori na kuzipanda mstari mmoja mbele ya ukuta. Mbele ya pengo hakupanda hata mche mmoja. Watu walimuuliza kama amekuwa mfugaji, maana anapanda majani ya mbuzi. Nyingi zilikufa, mbuzi walikula, nyingine zikachukuliwa na mawimbi. Alipanda tena, nikampandia pamoja, tope linafika magotini kama la wanawake wa picha zako. Sakafu ya chumba cha kulala tuliinyanyua. Mwezi wa Novemba 2009 naye akafariki, akaniacha peke yangu. Michu aliyoipanda ilikuwa ikimfika kiunoni. Sasa inanipita mimi kwa urefu, na kaa wamerudi.

Mwanangu, kaka zako wanasema ukuta wenye pengo unaharibu sura ya nyumba. Wanasema fundi wao ana zege la kisasa, na kwamba kimbunga kama kile huja mara moja katika umri wa mtu. Hamed naye aliniambia wadi imesahau njia. Nnaogopa, Munira. Nnaogopa siku nitakayokuwa sipo, atakuja mtu na gari la zege, na kabla ya adhuhuri patakuwa pamezibwa, na hapatakuwa na mtu wa kuchokoa kwa kijiti.

Kwa hiyo neno langu ni hili, na nalisema wazi ili asiseme mtu kwamba bibi alikuwa akisimulia tu. Mkitaka kujikinga na bahari, anzeni kwa kupanda mchu na kuulinda na mbuzi, kwa sababu huyavunja mawimbi nguvu na huyapisha maji yanayotaka kutoka. Kabla hamjaziba popote, mgeukie nyuma muulize maji ya upande wa pili yatapita wapi. Mnapoambiwa hameni, msiutegemee ukuta. Mbebeni mzee mgongoni mwende. Na pengo lile liacheni. Maneno aliyoambiwa Hamed na mamake kutoka juu ya meza ile, nawe nakuambia: usiuzibe.

Nimekuchagua wewe uniahidi. Mungu aipe mikono yako subira ya kupanda mche uliokufa mara ya pili na ya tatu. Akujaalie mume atakayekusikia utakapomwambia habari za wadi, usilazimike kumtajia samaki. Na kila nyumba utakayoingia, mwanangu, akujaalie ndani yake njia ya kutokea.