Kijana Aliyekataa Kuniamkia

Hili halikumpata jirani yangu wala shemeji wa rafiki yangu. Limenipata mimi mwenyewe, saa nane mchana, jua la Mwakirunge likiwaka, nami sina hata homa. Ukitaka kucheka, cheka. Mimi pia nilikuwa mchekaji.

Babu yangu alikuwa na mdogo wake aliyekufa vitani Bama, kule Asia, enzi za Mwingereza. Chifu alimtaka babu aende jeshini. Yule mdogo akaenda badala yake, akajiandikisha kwa jina la babu. Nimezunguka na makaratasi mwaka mzima, na kila nilipopekua nilikuta jina la babu, ambaye nilimzika kwa mikono yangu hii. Jina la marehemu mwenyewe halimo popote. Babu hakulitamka hata siku moja. Nadhani aliona haya.

Akabaki Bibi Sidi, dada yao wa mwisho.

"Nilikuwa mdogo mno, mjukuu wangu. Nilimwita kaka tu," aliniambia. "Nakumbuka akinibeba begani, nami nimemshika sikio lake lililochanika. Nitafutie jina lake kabla sijafa. Nikimwaga maji pale kwenye koma, sina wa kumwita."

Koma ni vile vijiti tunavyowasimikia wazee wetu waliotangulia, na cha huyo kaka yake kipo nyuma ya nyumba ya Bibi. Nilimwahidi. Lakini moyoni, mimi karani wa Chaani, mtu wa kanisani, nilitaka jina la kukamilishia orodha ya ukoo tu. Makaratasi yaliponishinda, Bibi akasema basi atamwomba mwenyewe aje alitaje. Wallahi nilicheka mpaka nikafuta machozi.

Jumamosi iliyofuata nikaenda kumjulia hali. Kando ya vile vijiti alisimama kijana wa miaka kumi na tisa hivi, kaptura ya kaki, miguu imejaa vumbi. Nikamdhania ni mmoja wa wale wanaovunja mawe machimboni. Akaniangalia, anasubiri. Mimi na mvi zangu hizi! Ungekuwa wewe ungenyamaza?

"We kijana, hata shikamoo huna?"

"Wewe ndiwe wa kuniamkia," akajibu kwa upole.

Nilipandwa na hasira. Nikamwuliza ni mtoto wa nani asiyefunzwa adabu, nikamwamuru atoke uani kwetu. Akafungua mdomo kama anayetaka kusema neno, kisha akaufunga. Alipogeuka niliona sikio lake la kushoto limechanika hadi chini. Niamini, hata hapo sikung'amua kitu. Akazunguka kona ya nyumba, nami nikaingia ndani.

"Umekutana naye?" Bibi aliniuliza kabla sijaketi. "Amekwambia?"

Nikamweleza yote. Hakunigombeza. Alilia tu, akisema, "Umemfukuza kaka yangu." Mwezi uliofuata tukamzika, na jina hakulipata.

Nimepiga magoti pale kwenye koma mara nyingi, na suruali yangu ya kanisani. "Shikamoo, Babu." Hakuna marahaba. Naumia, siwezi kuficha. Siku hizi nawaamkia vijana wote njiani. Wananicheka, na mke wangu anaona aibu kutembea nami.

Nawe ukikutana na kijana anayesubiri umwamkie, meza hasira zako, mpe shikamoo, halafu umwulize anaitwa nani. Mimi nilimwuliza ni mtoto wa nani. Jina sikuuliza.