Mswaki wa Kufungiwa Sandukuni

Juzi kwenye foleni ya kliniki ya meno hapa Homa Bay, nyanya mmoja alikuwa amemshika mkono mjukuu wake aliyevimba shavu.

"Huyu hupiga mswaki?" muuguzi akauliza.

"Shuleni, kila asubuhi!" nyanya akajibu kwa fahari. "Sasa ni likizo. Mswaki nimeufungia kwenye sanduku la bweni, usichakae kabla shule hazijafunguliwa."

Muuguzi akaweka kalamu chini, akamwita nyanya kwa Kijaluo. "Dani, na meno umeyafungia wapi? Jino hili tutaliziba. La pili likioza, tunang'oa."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Nyanya akafungua fundo la leso, akamkabidhi mjukuu ufunguo.

"Tukifika, toa mswaki. Lakini sabuni ya shule iliyomo usiguse!"

Nilicheka hadi nyumbani, nikakuta viatu vya michezo vya wanangu juu ya kabati, nilikovificha mwenyewe visiishe soli. Nikaviteremsha kimya kimya.