Safari ya Nijmeh, Sekunde Tisa Juu ya Maji

Kaka yangu Jiryis aliendesha gari la mafuta pale uwanja wa ndege wa Amman miaka thelathini na mmoja. Amejaza ndege ngapi, hata yeye hajui. Aliyopanda hakuna hata moja. Alipostaafu wenzake walimpa saa ya ukutani, yeye akaenda kununua kompyuta, usukani wa plastiki na wenzo wa injini wa kubana mezani, akajifungia chumba cha nyuma akirusha ndege za kwenye kioo. Nikamwambia, "Mzee mzima, huoni haya?" Akaniambia nipunguze sauti, anatua.

Mimi ni Itidal, dada yake mkubwa. Sikuolewa, nakaa ghorofa ya chini yao, na mdomo wangu hauna likizo. Nasema mapema ili mjue.

Basi wifi yangu Nijmeh, mke wa Jiryis, figo zake zikafa. Jumatatu, Jumatano, Jumamosi, saa nne nzima kwenye mashine ya kusafisha damu. Anarudi amepauka, anatapika, analala. Kesho yake anapata nafuu kidogo, keshokutwa mashine tena. Huo ulikuwa mwaka wa tatu. Dada yake Salwa yuko Santiago, huko Chile walikohamia nusu ya watu wetu wa Beit Jala, mji wetu wa asili kule Palestina, na hawakuwa wameonana miaka thelathini na minne. Daktari alikataa katakata: huyu hapandi ndege. Nijmeh hakulia. Alisema tu, "Basi nitakufa sijamwona Salwa," akaomba maji, na maji yenyewe, kwa ajili ya figo, alikuwa akipimiwa kwa kikombe cha kahawa.

Jiryis akasema, "Nitakupeleka mimi."

Nikadhani mzaha. Lo! Siku ya pili ya Krismasi akarusha ndege yake ya kwenye kioo kutoka Amman, kwa mwendo wa kweli, saa kwa saa, apitie Casablanca na Dakar, avuke bahari mpaka Brazil, kisha Santiago. Lakini nani katika nyumba ile alikuwa na saa tano za kukaa kitini? Nijmeh alikuwa na kengele ndogo kando ya kitanda. Ikilia, Jiryis anabonyeza kuhifadhi, anakimbia: beseni, dawa, mto. Akirudi anaifungua safari, ndege iko pale pale angani alipoiacha. Leo dakika ishirini, kesho kumi. Siku nyingine aliifungua, akaitazama, akaifunga, hana nguvu hata ya kukaa. Safari ilikuwa moja na jina lake moja, "Nijmeh", na kila akihifadhi, mpya inafuta ya zamani.

Jioni anaketi kitandani kwa mkewe kumpa habari.

"Tumefika wapi, kapteni?"

"Chini yetu Algeria. Mchanga mtupu."

"Chakula wametoa?"

"Kuku."

"Mkavu?"

"Mkavu, lakini hamfikii wa Itidal."

Na mimi nimesimama mlangoni na sahani ya kuku huyo huyo! Salwa naye alipiga simu kila siku, neno lake la kwanza ni, "Mmefika wapi?" Alisema kitanda ameshatandika.

Jiryis alikuwa na sharti moja: ule wenzo wa injini usiguswe. Alinieleza mara mia. Safari ikifunguliwa, kila kitu kinarudi kama kilivyohifadhiwa, ila injini zinafuata wenzo ulivyo mezani. Ukiwa umerudishwa nyuma, injini zinalegea huko huko juu na ndege haina cha kuishikilia. Ndiyo maana aliuacha mbele siku zote.

Sasa sisi wiki ya Pasaka hatubakishi kitu. Mazulia nje, mapazia majini, meza zinafutwa mpaka miguu. Jumanne asubuhi nikaingia chumba cha nyuma na kitambaa changu. Wenzo ulikuwa na vumbi kwenye mfereji wake. Nikauvuta nyuma, nikasugua, nikaridhika. Wazo la kuurudisha halikunijia hata kidogo.

Baada ya chakula cha mchana Jiryis akaifungua safari. Walikuwa wametoka Dakar, wako katikati ya Atlantiki. Wenzo hakuutazama, tangu lini ukasogea? Akaegemea kiti, usingizi ukamchukua, maana alikesha na Nijmeh. Akashtuliwa na king'ora. Ndege imeinamisha pua, bahari imejaa kioo kizima, na hapo hapo kengele ya Nijmeh ikalia. Mkono haukumngoja. Ukafanya ulichozoea tangu Krismasi: ukabonyeza kuhifadhi.

Kwa hiyo miezi mitatu na zaidi ya safari ilibaki sekunde tisa juu ya maji. Nilimkuta anahangaika nayo. Wenzo mbele, anaifungua, usukani kifuani, sekunde tisa, maji. Anaifungua tena. Maji. Shati limemlowa mgongoni.

"Anza upya Amman," nikamwambia.

"Nianze upya? Itidal, mtazame Nijmeh. Ana miezi mingine mitatu yule?"

Nikautazama wenzo, nikajua. Nikanyamaza. Mimi, Itidal, nikanyamaza.

Jioni ile alimwambia mkewe wako mita elfu kumi na moja, anga safi. Jumatano wakaiona pwani ya Brazil. Ijumaa Kuu wakavuka milima yenye theluji, na alivyoisimulia, mshenzi yule, hata mimi niliona baridi.

Jumamosi Nijmeh alirudi kutoka kwenye mashine, akakataa kulala. Alitaka kukaa jikoni tulipokuwa tunajaza tende kwenye vileja vya sikukuu. Jiryis naye alikuwa anakanda unga, akamwambia kwa uchangamfu wa uongo, "Kesho tunatua, Nijmeh. Siku ya Pasaka yenyewe!"

"Jiryis," akasema, "tulianguka Jumanne."

Kaka yangu akaliweka donge mezani.

"Nilisikia king'ora kupitia ukutani. Nikapiga kengele nikuamshe."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulirusha vizuri sana baada ya sisi kufa."

Haki ya Mungu, nilicheka mpaka nikalia, na katika kulia huko likanitoka: "Mimi ndiye niliyesogeza ule wenzo."

"Tunajua," wakasema wote wawili. Nijmeh akaongeza, "Nani mwingine humu ana wazimu wa kitambaa?"

Kisha akamuuliza mumewe, taratibu, "Ile ndege ukiifungua sasa, inakuwaje?"

"Sekunde tisa."

"Na ukiifungua tena?"

"Zile zile tisa."

"Ndiyo mimi. Jumamosi mnanihifadhi, Jumatatu mnanifungua, na niko pale pale. Nimechoka, Jiryis. Jumatatu siendi kwenye mashine."

Jiryis alibisha. Alilia mikono ikiwa na unga. Alimleta padri, akamleta daktari kwenye simu, na Nijmeh akawasikiliza wote kwa adabu, akakataa. Mwisho Jiryis akakaa sakafuni kando ya kitanda kama mtu aliyeshushwa gunia.

"Basi mimi nifanye nini?" akauliza.

"Kaa hapa. Usirudi chumba cha nyuma. Na unipe maji, glasi nzima."

Akampa. Sijapata kuona mtu akinywa maji vile, macho amefumba, hatoi glasi mdomoni mpaka imekwisha. Jiryis alikaa naye siku nane. Kengele haikulia tena, maana hakuwa mbali wa kuitwa.

Siku ya tisa, hatujapata hata nguvu ya kumjulisha mtu msiba, simu ikaita. Jiryis akaipokea, nami nikaisikia sauti ya Salwa: "Mmefika wapi?"

Akaninyooshea mimi simu.

"Salwa," nikasema, "wifi amefika."

Akaniuliza kama dada yake alichoka njiani.

"Alichoka," nikamwambia. "Alichoka sana, dada yangu."